Kifuniko Chekundu, Mkono wa Kulia

Naandika haya kwa mkono wa kulia, na hauniumi. Nimelitanguliza hilo ili wewe unayesoma huku mikono yako imefungwa vitambaa usisome kwa hofu. Nilipona, kwa kiasi cha kunitosha. Yaliyo katikati ndiyo nataka kuyasema, na waliohusika nitawataja kwa majina, maana wao walinitaja sana wakati sina nguvu ya kujibu.

Shule niliishia darasa la tano, kwetu Marafa. Usitafute humu maelezo ya kidaktari. Machache niliyoelezwa nitayasema nilivyoyaelewa.

Mwanzo ni korosho. Niliolewa Kilifi, mtaa wa Kibarani, na mume wangu Athumani alipokosa kazi ya kudumu nikaingia kubangua korosho katika ghala la mtu mmoja si mbali na nyumbani. Anayetafuna korosho hajui kwamba ganda lake lina mafuta meusi yanayochoma ngozi kama maji ya betri. Sisi wabanguaji tulijipaka jivu na mafuta ya mbarika kabla ya kushika nyundo. Glavu zilikuwapo. Zilikaa kabatini kwa nyapara wetu, Mwinyi, naye alizitoa siku ambazo wageni walikuja kupiga picha. Wageni wakishapanda gari, Mwinyi alipita na ndoo.

"Haya, akina mama, rudisheni mikono ya wageni. Kila mtu abaki na wa kwake."

Tulicheka. Nami nilicheka. Ni utani mzuri ukiusikia mara ya kwanza.

Baada ya misimu kadhaa vidole vikaanza kuwasha. Vikatoka vipele vya maji chini ya ngozi, vidogo vidogo, vimejipanga pembeni mwa vidole. Vikipasuka ngozi inakuwa ngumu, kisha inachanika pale penye mikunjo, na kila unapokunja mkono unachanika upya. Niliacha kazi. Nilidhani nikiondoka ghalani ugonjwa utabaki ghalani. Haukubaki. Ulinifuata nyumbani ukapanda hadi kwenye viwiko, na hospitali wakaja kuniambia jina lake: ukurutu sugu, wengine huuita pumu ya ngozi. Uliwashwa na yale mafuta, lakini ukishawaka hauhitaji mafuta tena.

Kwa akina Athumani watu hula sinia moja. Wanaume lao, wanawake lao, mkono wa kulia, kila mtu na upande wake. Nilikuwa nimekaa kwenye sinia hilo tangu nilipokuja bi arusi. Siku moja wifi yangu Zubeda, dada yake Athumani, aliyekuwa akiishi nyumba ya pili na kula kwetu kila siku, akaja na kitu kwenye mfuko.

"Nimekununulia sahani, wifi. Ya bati. Mikono inakuuma, ukiiangusha haivunjiki."

Ilikuwa nyeupe, na ua jekundu katikati. Akaniwekea juu ya kigoda karibu na mlango. Nilimwambia daktari amesema ugonjwa huu hauambukizi.

"Mie sijasema unaambukiza," akasema Zubeda. "Nimesema sahani."

Basi nikawa nakula wali wangu kwenye ua jekundu, mlangoni, kwa kijiko. Athumani naye akahamishia mkeka wake sebuleni. Alisema ni joto. Ilikuwa katikati ya kusi, watu wanajifunika shuka mbili.

Aliyebaki kunigusa ni mavyaa wangu, Bi Amina, mama yao hao wawili. Usidhani alikuwa mpole. Alinisuka nywele kwa sababu vidole vyangu havikushika kitana, na muda wote wa kunisuka alinitukana: nimeota mikono ya mamba, nimemletea nyumba mkosi, nimekonda kama ufagio, inua kichwa. Lakini alinisuka. Alinifunga vifungo, akanikandia unga. Mtu akinigusa siku zile nilijisikia kulia, kwa hivyo matusi yake yalinisaidia nisilie.

Sasa nimtaje Kombo. Kombo anauza dawa Malindi, nyuma ya soko, kwenye makopo yasiyo na jina. "Mizizi mitupu, mama. Isipokuponya, njoo unitukane." Nilipaka. Mikono ikapona haraka sana, ikawa laini, hadi Zubeda akaishika. Nikaendelea kupaka. Baada ya miezi michache ngozi ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu, mishipa unaiona, ukigusa pembe ya meza inachubuka. Nilipoacha lile kopo, ukurutu ukarudi na nduguze. Nikapanda gari kwenda kumtukana Kombo kama alivyonikaribisha. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, kisha akaniuliza kama ninataka kopo kubwa.

Hospitalini daktari, mwanamke mtulivu mwenye miwani, alisema humo koponi mlikuwa na dawa kali ya hospitali iliyochanganywa bila kipimo, wala si mizizi. Kama una kopo la namna hiyo nyumbani, usilitupe kimyakimya. Lichukue, nenda nalo, uwaonyeshe.

Benchi la wagonjwa wa ngozi lilikuwa moja na la wagonjwa wa macho. Niliyajua macho ya watu hata kabla hawajatibiwa: wanakutazama mikono, wanasogea. Pembeni yangu palibaki nafasi ya mtu na nusu, hata siku ambazo wengine walisimama ukutani. Siku moja akaja mzee wa Rabai aliyepukutika magamba mwili mzima, akasimama mbele ya ile nafasi.

"Hapa pana mtu?"

"Hapana."

"Basi tuketi kwa raha. Wewe na mimi tukija pamoja tutapata benchi zima."

Tulikuwa tukikutana pale na kupanua miguu kama wenye mali. Ukiwa na ugonjwa huu, mtafute mwenzio wa benchi. Inasaidia kuliko unavyodhani.

Ilikuwa mvua za vuli zinamalizika pale muuguzi mmoja, Sidi, aliponiita chumba cha pembeni. Walikuwa wanaijaribu dawa mpya ya kupaka. Nilimwambia mie na vitu vipya tumeshaachana. Akacheka, akanieleza, na nitaeleza vile vile.

Mwilini mna vimeng'enya. Neno hilo nimelijifunzia ukubwani. Ni vitu vidogo sana vinavyofanya kazi bila kuonekana, na baadhi yake kazi yao ni kuzima sumu inayozalishwa ngozi inapowaka. Kwangu vilikuwa vimezidiwa. Watu wa maabara wametengeneza chembe za madini, ndogo kupita vumbi, zinazoiga kazi ya hivyo vimeng'enya. Chembe moja inaizima sumu, haiishi, inabaki vile vile, inazima nyingine.

"Kwa hivyo haichoki?" nikamwuliza.

"Inachoka, mama, ila si mapema."

"Basi hiyo imenishinda mimi."

Alinipa tyubu mbili nyeupe. Yenye kifuniko chekundu ni ya mkono wa kulia, ya buluu ni ya kushoto. Moja ina dawa, nyingine ina mafuta yale yale bila dawa. Ipi ni ipi, hata yeye hakujua, wala daktari. "Usichanganye. Usipake kitu kingine juu yake. Ukichanganya hatutajua lolote." Akataka nikubali kwa kidole. Nilichovya gumba kwenye wino nikabandika, likatoka doa jeusi tupu, halina mstari hata mmoja. Ngozi yangu ilikuwa imesahau mimi ni nani. Sidi akalitazama lile doa, akanipa kalamu pole pole, akanishikia karatasi niandike jina.

Kaskazi ikaingia na joto lake. Nilipaka asubuhi na jioni. Siku moja ninaosha mchele nikagundua mkono wa kushoto umenyamaza. Sijui niseme vipi kwa mtu ambaye hajawahi kuwashwa hivyo. Ni kama jirani aliyekuwa akipiga nyundo miaka yote, akaacha. Siku zilizofuata nyufa za kushoto zikafunga. Wa kulia haukubadilika.

Kipindi hicho hicho mwanangu Rehema, mtoto wangu wa pekee, akachumbiwa na kijana wa Malindi. Arusi ikapangwa baada ya Idi. Na katika ukoo wa Athumani kuna jambo lao: siku ya arusi mama wa bi arusi na mama wa bwana arusi hukaa sinia moja mbele ya wanawake wote, hula kwa mkono, kila mmoja humtilia mwenzake tonge la kwanza. Hapo ndipo watu husema hawa wamekuwa ndugu. Kijiko hakuna.

Zubeda alilisema hilo kwa sauti ya mtu anayejitolea.

"Usijisumbue, wifi. Shangazi ni mama. Nitakaa mimi."

Athumani alikuwepo. Alitazama kikombe chake cha chai kama kimeandikwa kitu. Rehema naye alisimama kizingitini, akanitazama mikono, halafu usoni. Nilijua anataka nikae mimi. Nilijua pia anaogopa mkono huu utatoa damu mbele ya wakweze.

Nilipomwonyesha Bi Amina mkono wa kushoto uliopona alikasirika.

"Wa kushoto? Mkono wa chooni ndio unapewa dawa, wa kulia unapewa mafuta matupu? Hao wazungu hawajui watu wanakula na upi?"

"Si wazungu, mama. Ni Sidi, mtoto wa Ganze."

"Afadhali wangekuwa wazungu. Wa Ganze anajua."

Nikamweleza kwamba hakuna aliyechagua, ni bahati tu, na kwamba mpaka majaribio yaishe ni lazima iwe hivyo. Akanyamaza. Bi Amina akinyamaza si dalili njema, na mimi nilikuwa nimekaa naye muda wa kutosha kulijua hilo.

Wiki zikapita. Wa kushoto ukaanza kuwasha tena. Nikajua basi, imekwisha, ni Kombo wa pili huyu. Lakini wa kulia ukaanza kulainika. Ufa wa kiganjani, ule mkubwa, ukafunga. Nilifurahi nikaogopa kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi.

Siku ya kwenda kuangaliwa Bi Amina alisema atanisindikiza. Daktari alipiga picha mikono, akazilinganisha na za mwanzo, akakunja uso.

"Mama Rehema, umepaka kitu kingine?" akauliza Sidi.

"La."

"Umebadilisha tyubu?"

"La, wallahi. Nyekundu kulia, buluu kushoto."

"Msimwulize huyo," akasema Bi Amina kutoka kwenye kiti cha mlangoni. "Hajui kitu. Vifuniko nimevibadilisha mimi."

Chumba kizima kikamgeukia.

"Kwa nini, bibi?" Sidi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Arusi imefika mlangoni. Mama mtu atamlisha mkweze kwa mkono gani? Huu wa kushoto? Si bora asiende."

"Umetuharibia kazi, bibi yangu."

"Kazi yenu si kumponya?"

Daktari alivua miwani. "Yeye na wengine wengi," alisema. "Na tukimtazama mtu mmoja pekee hatuwezi kujua. Labda ni hali ya hewa, labda angepona tu. Ndiyo maana tukaomba pasichanganywe. Sasa yake haitaingia kwenye hesabu, na sheria hainiruhusu kumwachia tyubu."

Alikuwa na haki. Naliandika hilo wazi kwa sababu kuna watakaosoma hapa wakamwona Bi Amina shujaa. Sidi alizichukua tyubu zote mbili akazitia kwenye mfuko akaufunga. Niliitazama ile yenye kifuniko chekundu, ambayo kumbe ndiyo ilikuwa ya kushoto, ikienda.

Tukarudi. Tulipofika nyumbani nikamwambia, "Umeninyima dawa, mama."

"Nimekupa mkono."

"Wa mpaka lini?"

Akaingia jikoni.

Ikaja Ramadhani. Sidi, ingawa nilikuwa nimetolewa, alinielekeza namna ya kuulinda mkono: mafuta ya mgando mazito kila nikishanawa, glavu za pamba juu yake, mbali na sabuni ya unga, mbali na ndimu na pilipili, kucha ziwe fupi. Hayo hata wewe unaweza kuyaanza leo. Bi Amina alipika futari mwezi mzima, akaosha vyombo, akafua. Sikumwomba. Nikinyoosha mkono kuchukua ndoo alinipiga kofi la begani. Nilikuwa bado nina hasira naye, naye alijua, akaipikia.

Zubeda alipita kila alasiri. "Lete nione." Nilimwonyesha. Alikuwa akiutazama mkono wangu kama mtu anayengoja ndizi iive. Wa kushoto ulikuwa umeharibika kabisa wakati huo. Wa kulia ulikaa. Idi ikapita, ukakaa. Karibu na siku yenyewe, chini ya gumba, ngozi ikaanza kukauka na kuonyesha mstari mwembamba. Niliupaka mafuta na sikumwambia mtu.

Siku ya arusi ukumbi ulijaa. Nilimaliza kumtazama Rehema akivishwa, nikatoka kwenda kwenye sinia, nikamkuta Zubeda ameshakaa, amevaa dhahabu zake zote.

"Wifi! Nimekushikia nafasi."

"Ahsante. Sasa inuka."

Wanawake wa karibu wakaacha kujipepea.

"Nakuonea huruma tu, Mama Rehema. Pilau ina ndimu, ina pilipili, na mkono wako huo..."

"Zubeda," akasema Bi Amina nyuma yetu, "mwanangu, inuka ukanitafutie maji. Mie koo limenikauka."

"Maji yapo hapo mbele yako, mama."

"Hayo sitaki. Nataka ya nyumbani."

Kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo. Zubeda akainuka, dhahabu zikilia. Nikakaa.

Mama wa bwana arusi alikuwa mwanamke mnene wa Malindi, wa maneno machache. Alinitilia tonge, nikala. Nikaingiza mkono wa kulia kwenye wali, nikafinya tonge, na ule mstari chini ya gumba ukafunguka. Ndimu iliingia. Sikuutoa mkono. Nilimlisha, akala, wanawake wakapiga vigelegele. Alipokuwa akitafuna akautazama mkono wangu, kwa makini, bila haraka. Nikasema ndani ya roho yangu, haya, sasa.

Akauvuta wali wa chini kwa vidole vyake, akausogeza upande wangu.

"Kula huku," akasema. "Huku ndimu haikufika."

Tulikula mpaka sinia likaonyesha chuma.

Baada ya arusi mikono yote miwili iliharibika, na masika yote nilikuwa mtu wa vitambaa tena. Siwezi kukudanganya hapo. Majaribio yalipokwisha, Sidi alinitumia habari kwamba dawa imewasaidia wengi, si wote, na kwamba inaendelea kuchunguzwa. Nililiingia kundi jingine baadaye, nikapewa tyubu moja ya mikono yote, haina rangi ya kuchanganya. Ilichukua muda mrefu kuliko mara ya kwanza. Mzee wa Rabai haikumfaa, yuko kwenye dawa nyingine, na bado tunaketi pamoja nikienda. Mikono yangu ina mabaka meupe, na kukiwa na baridi vidole hukaza. Lakini imenyamaza. Ukipewa nafasi kama hiyo, fuata ulichoambiwa, na waambie watu wa nyumbani kwako kwa nini, hasa wale wanaokupenda. Wasiokupenda hawatakugusia tyubu.

Mwinyi bado ni nyapara, nimesikia ndoo ni mpya. Kombo bado yuko nyuma ya soko. Athumani alirudisha mkeka wake chumbani kaskazi iliyofuata, akasema joto limepungua. Nilimwambia sebuleni kuna upepo mzuri zaidi, na yuko huko mpaka leo. Bi Amina alinibadilishia vifuniko na kunichelewesha kupona, naye namtaja kama wengine. Macho yamemfifia siku hizi. Mimi ndiye ninayemsuka, na ninamtukana kidogo ili asijione mgonjwa.

Ijumaa iliyopita Zubeda alikuja wakati wa chakula cha mchana, kama kawaida yake. Sinia lilikuwa chini, mimi na Bi Amina tumeshakaa. Nikainuka, nikafungua kabati, nikatoa ile sahani ya bati, nikampakulia. Nikaiweka juu ya kigoda, karibu na mlango. Aliiona tangu nikiwa ninakuja nayo.

"Wifi," akasema, "sahani nyingine hamna?"

"Zipo."

Bi Amina alikuwa akitafuna, akaacha kutafuna. Zubeda alikitazama kile kigoda, akalitazama sinia, akanitazama mikono. Kisha akakaa mlangoni, akala. Alipofika kwenye ua jekundu nikamwongeza mchuzi.